Kifungo cha Klarineti na Kamba ya Wajir

Klarineti, kama zumari yetu ya Pwani, haisemi bila ulimi. Mwili wake ni mpingo, mti wa Afrika Mashariki. Ulimi wake ni tete, uliobanwa kwa pete ndogo mdomoni mwa chombo. Pete ikilegea, ulimi huteleza na sauti hukwaruza. Ikikazwa mno, ulimi hupindika.

Zamani ulimi ulifungwa kwa uzi. Katika karne ya 19 Iwan Müller akasifika kwa kuleta pete ya madini yenye parafujo. Hufungika upesi, lakini meno ya parafujo huchakaa na pete hupanuka. Ya ngozi nayo hukakamaa katika joto kavu. Uzi hauna cha kuvunjika, na Wajerumani kadha wa kadha wangali wanautumia.

Anayeudharau uzi na atazame Wajir. Katika nchi ile ya jua kali na mvua haba, wafugaji wa Kisomali huisimamisha nyumba ya fito na mikeka kwa kamba, kisha huifungua wakampakia ngamia. Kamba ikikatika, husokotwa nyingine papo hapo.

Kwa hiyo naonelea bendi au shule iliyo mbali na maduka isichague kifungo kwa mng'aro wake. Ichague kile ambacho mpigaji aweza kukitengeneza mwenyewe, ama sivyo kitu cha ukubwa wa pete kitanyamazisha chombo cha maelfu ya shilingi. Na katika kila sanduku la klarineti uwekwe uzi imara, hata kama pete ni mpya.