Ndagala, Kusi na Hewa ya Ukaa

Mama wa Itaba anunuapo kipimo cha ndagala sokoni, hafikiri kwamba ndani yake umo ukaa uliotoka hewani. Lakini ndivyo ilivyo. Majini, baharini na ziwani, vimo vijimea visivyoonekana kwa macho. Hivyo, kama mahindi ya shamba, hujijenga kwa mwanga wa jua na hewa ya ukaa, ile ile itokayo katika moto na injini. Huliwa na vidudu vya maji, navyo huliwa na samaki. Mabaki na vinyesi vyao huzama, vikaweka vilindini akiba kubwa ya ukaa kwa mamia ya miaka.

Bahari humeza karibu robo ya hewa ya ukaa ambayo wanadamu huitupa angani. Sehemu hiyo huyeyuka majini tu. Lakini ile akiba ya kale hulindwa na viumbe, nao wakidhoofika baadhi yake hurudi angani.

Askari wetu waliotumwa Mogadishu tangu Desemba 2007 wameiona Bahari ya Hindi. Mbali kaskazini mwa mji huo, kuelekea Ras Hafun, upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kati ya Juni na Septemba, na maji baridi yakapanda kutoka chini. Hupanda na mbolea, vijimea vikastawi. Hupanda pia na ukaa wa kale, hata bahari ya huko ikaipumua hewa hiyo badala ya kuimeza. Bahari si pipa lisilojaa.

Ziwa letu Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, nalo hungojea upepo wa kiangazi uyakoroge maji yake. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vema na ya chini, na mbolea imebaki vilindini. Walikadiria kwamba ustawi wa vijimea umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30.

Wako waliodai kwamba kosa lote ni la wavuvi. Hata hivyo, uchunguzi wa matope ya ziwa uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa miaka ya 1950. Nyavu zilikuja kuongeza pigo juu ya jeraha lililokwisha kuwapo.