Anga safi na shamba la Nabothi



Hapa Nyamisangura ndege si kitu kigeni. Wapo watalii ambao wakitoka Maasai Mara hutua Migori, huvuka mpaka wa Sirari kwa gari, kisha hupanda ndege nyingine hapa Tarime kwenda Serengeti. Watoto wetu huinua macho na kupunga mikono. Wengi wao, pamoja na wazazi wao, hawajapanda ndege hata mara moja. Lakini mvua zikivurugika, mahindi yanayonyauka ni yao.

Ndege hutoa kati ya asilimia 2 na 3 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za wanadamu, na wanaozipanda ni wachache. Mwaka 2022 mataifa yaliyo katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga yalikubaliana kwamba ifikapo 2050 safari za kimataifa zisiwe zinaongeza hewa hiyo angani. Ni jambo jema. Hata hivyo, nauliza swali moja: usafi huo wa anga atalipia nani?

Tukumbuke kisa cha Nabothi (1 Wafalme 21). Mfalme Ahabu hakutaka shamba lake kwa uovu wa kutisha. Alitaka bustani ya mboga tu, tena aliahidi malipo. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake, naye akauawa. Dhambi ilijificha ndani ya hitaji lenye sura nzuri.

Sisi tumeyaona hayo. Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand ilijaribiwa kwa mafuta ya mibono, ambayo baadhi yake yalitoka Tanzania. Ilikuwa miaka ya homa ya mibono. Kule Kisarawe kampuni ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 ili ipande zao hilo kwa ajili ya nishati. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Vibarua wakapoteza kazi, na wanakijiji wakabaki wakidai fidia na huduma walizoahidiwa, huku ardhi ikiwa imeshatoka mikononi mwao.

Je, tuseme basi juhudi hizi zote ni hila? Hapana. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mchanganyiko wenye mafuta yaliyotokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mafuta ya wanyama. Hapo hakuna shamba la mtu lililochukuliwa. Na katika Bonde la Yaeda, ndugu zetu Wahadzabe walipata kwanza hati ya kimila ya ardhi yao, mwaka 2011. Sasa hupokea malipo ya hewa ukaa kwa kuulinda msitu wao wenyewe. Tofauti na Kisarawe ni hii: Nabothi amebaki shambani mwake.

Kwa hiyo, akija mtu kijijini na mkataba wa miti, mbegu au hewa ukaa, tusimfukuze, wala tusimpigie makofi kabla ya kusoma. Usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, akina mama wakiwepo. Tuulize: ardhi itakuwa ya nani mradi ukifa?

Na sisi tunaopanda ndege, tuanze na nafsi zetu. Nakiri kwamba niliwahi kuruka kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa kikao cha saa mbili ambacho kingeweza kufanyika kwa simu. Nilirudi nikahubiri juu ya utunzaji wa mazingira! Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwenye safari hiyo hana sababu kubwa ya kupanda ndege. Safari ya lazima tusafiri. Safari ya kujionyesha tuiache.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kusikiliza kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Atakayesikiliza kimoja tu atakuja kuwa Ahabu bila kujua.

Mungu atujalie anga safi, na kila Nabothi abaki na shamba lake. Amina.