Kofia ya Mtoto na Chumvi ya Ng'ombe

Mkulima wa Kinangop ukimwambia ajihadhari na jua atakucheka. Kwake umande huganda juu ya majani alfajiri, na koti halivuliwi mpaka saa tano. Jua kali, atakwambia, ni shida ya watu wa Garissa.

Lakini amechanganya mambo mawili. Joto ni jambo moja, na mwanga unaounguza ngozi ni jambo jingine. Mwanga huo hauonekani kwa macho, wala mtu hausikii mpaka umekwisha kumchoma. Nguvu yake huzidi kadiri mtu anavyopanda juu: kwa kila mita 1,000 huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Mashamba mengi ya Kinangop, yaliyogawanywa katika ule mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, yako juu ya mita 2,400, nayo hayako mbali na ikweta. Mawingu mepesi hayasaidii, maana sehemu kubwa ya mwanga huo hupita. Kwa hiyo baridi yetu haitukingi. Yatuficha hatari tu.

Wengi wetu tuna ngozi nyeusi, nayo ni kinga nzuri. Sitaki kuwasumbua wakulima wote. Maneno yangu ni kwa nyumba ile yenye mtoto mwenye ualbino, na kwa majirani wa nyumba hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliandika watu 9,729 wenye ualbino katika Kenya.

Kwanza tuondoe fitina. Wako waume wanaomwuliza mke, "Mtoto huyu umemtoa wapi?" Mfugaji hapaswi kuuliza hivyo. Fahali wa Friesian mwenye madoa meusi na meupe aweza kupanda ng'ombe wa rangi hiyo hiyo, kisha akazaliwa ndama mwenye madoa mekundu na meupe. Hakuna anayemshtaki ng'ombe. Wekundu ule ulikuwa umefichika katika damu ya wazazi wote wawili. Ualbino ni vivyo hivyo: baba anao uliofichika, mama anao uliofichika, na kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino.

Rangi ndiyo mwavuli wa ngozi. Asiye nayo huungua kwa muda mfupi, na kuungua kwa leo huongezwa juu ya kule kwa jana. Baada ya miaka hutokea vidonda, na vingine huwa saratani. Saratani hiyo imewaua watu wengi wenye ualbino katika Afrika wangali vijana, ingawa yaweza kuzuiwa.

Nilifika shamba moja nikamkuta kijana wa miaka 12 akichunga kando ya ua tangu saa nne, kichwa wazi, midomo imepasuka. Baba yake ni mtu wa bidii. Chumvi ya ng'ombe hununua bila kukumbushwa. Nilipomwuliza habari ya kofia alisema atanunua viazi vikishauzwa. Sisemi kwamba hampendi mwanawe. Nasema hesabu yake haikuwa sawa. Ng'ombe akikosa chumvi atapunguza maziwa, na akipewa tena maziwa yatarudi. Ngozi iliyoharibika hairudi.

Wazazi wengine hukosea kwa upande wa pili: humfungia mtoto nyumbani kama kifaranga mgonjwa, akakua hajui kushika jembe. Hilo nalo silikubali. Mtoto wa mkulima hana budi kujifunza ukulima, na kinachobadilika ni saa tu. Akamue alfajiri, akate majani ya ng'ombe kabla ya saa tatu, achague mbegu za viazi ghalani mchana, na palizi aifanye baada ya saa kumi. Kipimo ni kivuli chake mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, na aondoke juani.

Akilazimika kutoka mchana, avae shati la mikono mirefu na nguo ndefu ya kufunika miguu. Ukinunua shati sokoni, liinue kwenye mwanga; ukiuona mkono wako upande wa pili, jua nalo litapita. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Ile yenye ulimi wa mbele tu huacha wazi masikio na shingo, na hapo ni mahali pabaya sana pa kuungua.

Yako pia mafuta ya kukinga jua. Kwa zaidi ya miaka 10 Serikali imeyatoa bure, kupitia hospitali za serikali, kwa watu wenye ualbino walioandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ambaye hajaandikishwa asikawie. Yapakwe nusu saa kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili. Lakini chupa huisha, na nyingine yaweza kuchelewa. Ndiyo maana mimi naitanguliza kofia.

Mtoto akiungua, mwingize kivulini upesi. Chovya kitambaa safi katika maji baridi ya kawaida, mweke juu ya ngozi, ukirudia mara nyingi, na umpe maji mengi ya kunywa. Utomvu mweupe kama maji ulio ndani ya jani la shubiri hutuliza. Ule wa manjano usiutumie, kwani huwasha. Usipake mafuta ya kupikia wala dawa ya meno, na malengelenge usiyatumbue. Akipata homa, akitapika, au malengelenge yakienea mahali pakubwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kidonda kisichopona kwa wiki 4, hata kikiwa kidogo kama punje ya mahindi, lazima kionwe na daktari. Kikikatwa mapema, mara nyingi shauri huishia hapo.

Sasa kuna jambo la shule. Ziko shule ambazo mtoto huyu huvuliwa kofia mstarini kwa sababu kofia si sare, kisha akasimama juani huku matangazo yakisomwa. Nikiuliza, huambiwa kwamba wazazi hawajaleta shauri hilo. Basi liletwe katika mkutano ujao wa wazazi, wala asiachiwe baba wa mtoto kusimama peke yake. Jirani asiye na mtoto wa namna hiyo ndiye atakayesikilizwa upesi zaidi, maana hakuna atakayesema anajitetea.