Vitabu vya sindika visibakie kwa mutu mumoja

Ba ndugu, deleje wetu mumoja alipoacha kazi, orodha ya michango ya miezi saba ilibakia ndani ya ordinatere yake. Neno la siri alijua yeye tu. Tulihesabu upya, na bamoja mpaka leo hawatuamini.

Juu ya ile nawasifu batu wa Debian, programu za bure za kuendesha ordinatere, zilizoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kila programu inafungwa kama furushi na iko na mwenye kuichunga, mara mingi kikundi. Akichoka, anatangaza, mwingine anaipokea. Kosa likionekana, linaandikwa pahali kila mutu anasoma. Kiongozi wanamuchagua kila mwaka.

Hatari nayo iko. Xz, programu ndogo ambayo Debian inatumia, ilikuwa na muchungaji mumoja, amechoka. Mugeni akajifanya musaidizi, akaingiza mulango wa siri. Andres Freund aliugundua mwaka 2024, ukiwa umeshafika ku Debian ya majaribio.

Ku mukutano nitaomba kila kitabu cha sindika kiwe na wachungaji watatu, na makosa yabandikwe ku ukuta. Asiyetaka, atuambie sababu mbele ya wote.