Nyimbo Kumi za Mwaka, na Watungaji Hawamo

Kila ufikapo mwezi wa Desemba huzuka miongoni mwa vijana wetu maradhi ya kuorodhesha. Nani alitia fora mwaka huu, wimbo gani ulivuma, upi ulizimika kabla ya kuwaka. Barazani, maskanini, ndani ya matatu, mabishano ni hayo kwa hayo, na simu zao nazo huwaletea kadi za rangi rangi zenye kuwahesabia waliyoyasikiliza tangu Januari. Baadhi ya wazee wenzangu huyasikia hayo wakatikisa vichwa na kusema kuwa asiye na kazi ndiye ahesabuye nyimbo. Wazee wenzangu wataniwia radhi. Leo nasimama upande wa vijana, ingawa nina langu la kuwadai, nalo nitalifikia.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Yuko msomaji atakayeniandikia kwamba muziki wenyewe una maneno katika sharia. Naam, una maneno. Niliwakuta walimu wangu wakibishana juu yake na sina shaka nitawaacha wanafunzi wao wakibishana. Ukurasa huu ni wa utamaduni, si darasa la fiqhi, na mwenye kutaka fatwa awajua wenyewe walipo.

Kijana ninayemkusudia ni mtoto wa jirani yetu, na kazi yake ni kuendesha tuktuk. Huamka alfajiri akenda msikitini, akarudi kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za mamake, na jua likichomoza yuko Marikiti angojea abiria wa kwanza. Chombo si chake. Jioni lazima amfikishie mwenyewe fedha walizopatana, petroli atie yeye, na kinachosalia baada ya hapo ndicho riziki yake. Siku ya mvua hupata. Siku ambayo feri ya Likoni imekwama na watu wamejaa ng'ambo, huketi akapiga miayo. Bando la simu hulinunua kwa shilingi ishirini ishirini, kama wazee wetu walivyonunua tumbaku. Sasa huyo ndiye tunayeambiwa kuwa hana kazi!

Kwake yeye muziki ni sehemu ya kazi, na ana mizani yake ambayo mimi sijaiona kwa wahakiki wengi waliosoma. Asema kuwa wimbo haujui kama ni mzuri mpaka umepita mbele ya abiria wa aina tatu: mwanafunzi, mama atokaye sokoni na kikapu, na mzee wa makamo yangu. Mwanafunzi akisema "ongeza", hiyo ni alama moja. Mama akinyamaza, hiyo pia ni alama moja, kwa kuwa mama akichukizwa hasemi "punguza", husema "mwanangu, zima". Na mzee akiinama mbele akauliza ni nani huyo aimbaye, hizo ni alama mbili. Kila usiku huyaandika hayo katika daftari la shule, na mwisho wa mwaka akajumlisha.

Mwisho wa mwaka 2025 alinijia na daftari lake mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Masalkheri, ami. Wewe waandika gazetini, hebu nitazamie. Simu yasema langu moja, na daftari lasema jengine."

Nikatazama. Spotify ilifungua milango yake hapa Kenya mwezi wa Februari 2021, na tangu hapo vijana wengi wamezoea kuletewa hesabu yao ya mwaka bila ya kuitoa jasho. Lakini hesabu ile ina mambo yake. Wimbo ukilia kwa nusu dakika tu, umehesabiwa, hata kama msikilizaji yumo dukani anunua maji. Wimbo ulioongoza katika simu ya kijana wetu ndio ule aliokuwa akiuacha ulie na kurudi tena alipokuwa akiosha tuktuk. Yeye mwenyewe haupendi. Tena mwaka wa simu hufungwa kabla ya Desemba kuingia, na harusi zetu nyingi na safari za watu kuja pwani ndio mwezi wake huo. Redio ya jirani haimo. Wimbo aliouimba mamake jikoni haumo.

Na kubwa kuliko yote ni mwezi mtukufu. Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na kijana huyu, kama wengi wa wenziwe, alizima nyimbo mwezi mzima akawa asikiliza Qurani. Simu haikujua adabu hiyo. Ilimchukua qari ikampanga safu moja na waimbaji, na mtoto wa watu akaona haya kuionyesha kadi yake mbele ya rafikize. Haya, na tukianza kuuliza huo mwaka wenyewe ni mwaka wa nani, hatutamaliza leo. Mwaka wa 1447 wa Hijria tuliuingia mwishoni mwa Juni, na mwaka wa jua wa Waswahili, ule wa miongo ambao manahodha na wakulima waliuhesabia pepo na mvua, huanza Julai. Desemba ni ya wenye kadi.

Daftari, kinyume chake, lilinifurahisha. Si kwamba nakubaliana nalo lote. Wimbo wake wa pili ni kelele tupu, nami nilimwambia hivyo, akacheka. Lakini kila wimbo umepewa sababu yake, na sababu ndiyo inayotenganisha hukumu na ushabiki. Kuhusu Zuchu wa Unguja aliandika kuwa akifika mahali pa kutamka neno la mafumbo hulibana kidogo kabla ya kuliachia, kama mamake. Na mamake ni nani? Ni Khadija Kopa, mwimbaji wa tarabu asiyehitaji kutambulishwa na mimi. Kijana amelisikia hilo kwa masikio yake, hakuna aliyemfundisha. Kuhusu wimbo mwengine aliandika kuwa sauti imenyooshwa na mashine mpaka imekuwa kama kanzu ya dukani, haina kunjo wala haina mwenyewe. Mimi ningetaka maneno hayo yawe yangu.

Aliuliza pia kwa nini nyimbo za siku hizi ni fupi, dakika mbili na kitu, umekaa kutulia umekwisha. Jawabu ni hesabu ile ile ya nusu dakika. Ikiwa wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika kumi huhesabiwa sawa, ni nani atakayejisumbua kutunga ubeti wa tano? Tarabu ya Mvita ilikuwa na nafasi ya mtu kuleta hoja, kuizungusha, kuijibu na kuifunga. Ubeti wa mwisho ndio uliokuwa na sumu. Leo wimbo hukatika kabla ya sumu kufika.

Tukafika wimbo wa nne. Ni wimbo wa Juma Bhalo. Abiria wazee watatu, siku mbali mbali, waliinama mbele kuuliza. Kijana ameandika jina la mwimbaji kwa herufi kubwa. Nikamuuliza, "Na maneno ni ya nani?"

"Yake, ami. Si ndiye aimbaye?"

Hapo ndipo ninapodai.

Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na sauti ambayo Mwenyezi Mungu hawapi wengi. Lakini nyingi katika nyimbo alizoziimba zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Mmoja alikaa na kalamu akapima mizani na vina, wa pili akakaa na kinanda akayatia roho. Na Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, alipotaka maneno yenye uzito alikuwa na Sheikh Ahmed Nabhany karibu yake, mtu aliyekuwa ghala ya ushairi wa kale na mtungaji yeye mwenyewe. Zein alifariki 2016 na Nabhany akafuata 2017. Sauti zao tunazo. Lakini muulize kijana yeyote wa leo ni beti zipi ni za nani, atakutazama kama uliyemuuliza jina la aliyeshona kanzu ya bwana harusi.

Chuoni tulifundishwa kuwa neno lililopokewa huulizwa sanad: fulani kalipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka lifike lilikotoka. Silinganishi wimbo na hadithi ya Mtume, la hasha. Nasema tu kwamba sisi ni watu tuliolelewa katika kuuliza "limetoka kwa nani?", na katika nyimbo zetu wenyewe tumeacha kuuliza. Wahenga hawakuacha. Mwana Kupona alipoumaliza utendi wake alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, na akaweka mwaka, 1275 wa Hijria, yaani 1858. Hakungoja mtu wa kumtambulisha. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakuchapisha kitabu; mashairi yake yalikuwa katika vifua vya watu wa Mombasa. Lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kuyaandika pamoja na yule Mzungu, Taylor, miaka ya mwisho ya karne ile, leo tungekuwa na vipande vya Muyaka tukiviita methali.

Watu hudhani hili ni jambo la wakale peke yao. Namjua kijana wa Kisauni ambaye huwatungia waimbaji. Beti zake mbili zilivuma katika wimbo mmoja ulioingia hata katika tuktuk za mji huu, na alicholipwa ni nauli na sahani ya biriani. Jina lake halimo popote. Mimi mwenyewe nimewahi kuketi harusini nikasikia maneno yangu yakiimbwa na watu wakiyasifu, na aliyekaa ubavuni pangu akaniambia kwa furaha kuwa yule mwimbaji ni mshairi hodari. Nikamwambia kuwa ni kweli ana sauti nzuri. Biriani ya siku ile haikunishuka vizuri.

Na si heshima peke yake iliyomo hapa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwenye kutunga maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Maana yake, maneno aliyoyatunga Sheikh Nabhany yana wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2067. Wajukuu watakuwa wazee. Lakini haki ni ya mtungaji anayejulikana. Wimbo ukilia redioni, hotelini au katika simu, na nafasi ya mtungaji ikawa tupu, au ikajazwa jina la mwimbaji, fedha zitakwenda kwa jina lililoandikwa. Hakuna karani atakayefunga safari hadi Kibokoni kuuliza kizee ni nani aliyetunga.

Basi nilimwambia kijana wetu apige mstari katika daftari lake, aongeze safu moja: mtungaji wa maneno. Na hapa lawama nyingi nawatupia wa rika langu. Kanda nyingi za siku zile zilibeba jina la mwimbaji na la kikundi basi, na aliyejua mtungaji alikuwa ni yule aliyekuwapo. Waliokuwapo wanazikwa. Tuna masanduku ya kanda chini ya vitanda, tunawatukana vijana kwa nyimbo zao, na hatujawahi kukaa na mmoja wao usiku mmoja, kanda ikilia, tukamwambia: hii ni ya fulani, aliitunga baada ya kuachwa na mkewe, na hii si mapenzi kama udhanivyo, hii ni siasa. Kijana hawezi kuiandika sanad ambayo hakupewa.

Yeye amelichukua jambo hili kwa bidii kuliko nilivyotaraji. Ameanza kuwauliza abiria wake wazee, na asema nauli huwa haidaiwi kwa mwenye kumpa jina la kweli, ingawa nimemwonya kuwa mjini hapa atafilisika kwa majina ya uongo. Mpaka Ijumaa iliyopita alikuwa amepata watungaji wa nyimbo saba katika kumi zake. Mbili ni za vijana wa Dar es Salaam, na bado anatafuta.

Ya kumi ndiyo iliyotushinda sote. Imo katika kanda ya harusi aliyoikuta kwenye sanduku la nyanyake, karatasi yake imefutika. Mwimbaji ni mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, nyuma yake kuna kinanda na tabla, na beti zote zazungumzia mnazi ulioota ukingoni mwa bahari ukapewa wasia na mawimbi. Lugha ni Kimvita safi. Ameipeleka kwa wazee wawili wa Mji wa Kale. Mmoja alisema mtungaji alikuwa fundi cherehani wa Kuze. Wa pili akasema sivyo, alikuwa mwalimu wa chuo, na hakutaka jina lake litajwe. Mwenye kuijua na atuandikie kupitia ukurasa huu. Ile nafasi katika daftari kijana ameiacha, na pembeni yake ameandika majina yote mawili kwa kalamu ya risasi.