Jiwe, karata na chupa ya shangazi

Kuna Jumapili moja ambayo sitaisahau. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula ugali kwa kuku wa kienyeji na sasa twangoja chai, pale ugomvi ulipozuka mezani pangu kati ya watu wawili niwapendao sana. Mmoja ni shangazi yangu mwenye umri wa miaka 68, aliyekuja mjini kutibiwa macho. Wa pili ni binti yangu anayesoma chuo kikuu.

Kiini cha ugomvi kilikuwa mkoba wa binti. Uliteleza kitini, na vilivyokuwamo vikamwagika sakafuni: jiwe la zambarau lililofungwa kwa mkufu mwembamba, na karata zenye picha za wafalme, jua, mwezi na mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja.

"Mungu wangu!" shangazi akapiga ukemi. "Mjukuu wangu amekuwa mpiga ramli! Haya ndiyo mnayofundishwa huko chuoni?"

"Nyanya, si ramli," binti akajitetea. "Ni karata za taroti tu. Tunazitazama na wenzangu mitihani inapokaribia. Na hili jiwe hunituliza moyo. Mbona wewe una ile chupa yako chini ya kitanda, ile uliyouziwa na yule mtu wa pale stejini?"

Shangazi akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumbani mwangu kulikuwa na chupa.

Leo nataka tuzungumze juu ya vitu hivyo vitatu: jiwe, karata na chupa. Sisemi hivyo ili tuwacheke wanaovitumia. Mtu hatafuti faraja ila awe na linalomsumbua. Lakini vitu hivi havilingani, na kutojua tofauti yake kunaweza kumgharimu mtu kiungo au hata uhai.

Tuanze na karata. Wauzaji wengi hudai kwamba taroti ni hekima ya siri iliyotoka Misri ya kale. Si kweli. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za mchezo kama hizi zetu tunazocheza vibarazani. Pakiti kamili huwa na karata 78. Ilikuwa mwaka wa 1781, huko Paris, ambapo msomi aitwaye Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba zilibeba siri za makuhani wa Misri. Hakuwa na ushahidi wowote. Hata hivyo, watu waliipenda hadithi hiyo, na tangu hapo karata zikageuka chombo cha kutabiria. Picha zinazojulikana zaidi leo zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith, na kuchapishwa London mwaka wa 1909.

Wazee wetu nao walikuwa na njia zao za kuuliza yaliyofichika. Pwani palikuwa na bao la ramli, ambapo mpigaji huchora alama na kuzisoma. Kwa Wakikuyu, mundu mugo alitikisa kibuyu chake chenye mbegu, akazimwaga na kuzihesabu. Kwa hivyo shangazi hakukosea sana. Anayetazama karata za ng'ambo hana haki ya kumcheka anayemwendea mpiga bao, maana jambo ni lile lile, ila limevaa nguo nyingine.

Je, karata hujua matokeo ya mtihani? La. Lakini mwanafunzi aliyekaa na wenzake saa moja, akaulizwa anaogopa nini na anatumaini nini, huondoka akiwa mwepesi. Kilichomsaidia ni kusema na kusikilizwa. Kama karata ni kisingizio cha mazungumzo, sina ugomvi nazo. Zikianza kuamua ni nani wa kuoana naye au ni kazi gani ya kuiacha, hapo nina ugomvi nazo mkubwa.

Tuje kwenye jiwe. Lile la binti ni amethisto, aina ya kwatzi yenye rangi ya zambarau. Jina lake latokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya asiyelewa, kwa sababu Wagiriki wa kale waliamini humkinga mtu na ulevi. Nawaachia walevi wa mtaani kwetu walijaribu, ingawa najua jibu.

Wauza mawe hupenda kusema kwamba kwatzi ina nguvu, kwani mbona inatumika katika saa? Kweli inatumika. Kipande chake kidogo ndani ya saa hutikisika mara 32,768 kwa sekunde na kuiongoza mishale. Lakini hutikisika kwa sababu betri inaipa umeme. Ukitoa betri, saa hufa, na kwatzi yenyewe hubaki jiwe.

Mwaka wa 2001, mwanasaikolojia Christopher French wa London alieleza jaribio alilofanya na wenzake kwa watu 80. Waliambiwa watafakari huku wameshika kwatzi. Nusu yao walipewa kwatzi halisi, na nusu wakapewa ya bandia bila ya kujua. Wengi walisema wamehisi joto, wengine utulivu. Hapakuwa na tofauti baina ya walioshika jiwe la kweli na walioshika la uongo. Utulivu ulitoka kwa mshikaji wala si kwa kishikwacho.

Nilipomweleza binti haya, alifikiri kidogo kisha akasema, "Basi, baba, kwani utulivu wangu si utulivu?" Ni utulivu, mwanangu. Jiwe halimdhuru mtu maadamu halijamzuia kwenda kwa daktari, na maadamu hakulinunua kwa pesa za karo.

Sasa tuje kwenye chupa, na hapa naomba msomaji uketi vizuri.

Jiwe halina kitu cha kuingia katika damu. Mti unacho. Ndiyo maana sitathubutu kuwadharau wajuzi wa mitishamba. Kwinini, iliyowaokoa wengi kutokana na malaria, ilitoka katika gome la mti wa Amerika Kusini, na Wafaransa wawili wakaitenga mwaka wa 1820. Dawa za malaria tunazopewa leo zina kemikali ya artemisinini, iliyotokana na mmea ambao Wachina waliutumia kutibu homa kwa zaidi ya miaka 1,600. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma kitabu cha kale cha tiba, akajua namna ya kuikamua dawa hiyo bila ya kuiharibu kwa joto, na mwaka wa 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hapa kwetu, gome la mti wa muiri limesafirishwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezewa dawa za wanaume wenye uvimbe wa tezi kibofu, hata mti huo ukalazimika kuwekewa ulinzi wa kimataifa mwaka wa 1995. Na ni nani asiyejua mwarobaini?

Basi chupa ya shangazi ilikuwa na nini? Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Maji meusi, machungu, hayana kibandiko. Shangazi ana kisukari tangu miaka tisa iliyopita, na kliniki ilikuwa ikimpa tembe za metformini. Yule muuzaji wa stejini alimwambia kwamba tembe za hospitali hupigana na dawa ya miti, kwa hivyo aziache hadi amalize chupa sita. Alipofika ya nne alikuwa hajameza tembe kwa majuma kumi na moja.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolificha. Viatu vyake vipya vya kanisani vilikuwa vimemchubua kidole. Hakusikia maumivu, kwa hivyo hakujali. Ni binti yangu aliyegundua. Baada ya ugomvi ule alimfuata nyanya yake chumbani kuomba radhi, akamkuta anavua soksi. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Madaktari walitueleza mambo wazi. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu neva za miguu, mtu asihisi kidonda. Huharibu pia mishipa ya damu, kidonda kisipone. Shangazi alilazwa siku kumi na tisa. Alikatwa vidole viwili. Mguu ukapona, na walituambia kwamba tungengoja juma moja zaidi, haungepona.

Lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Metformini, zile tembe alizoambiwa azitupe, asili yake ni mitishamba! Kuna mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao watu wa kale waliutumia kwa maradhi kadhaa, yakiwamo kiu na kukojoa kupita kiasi. Wanasayansi walitambua kwamba mna kemikali inayoshusha sukari, lakini ina sumu. Wakatafuta jamaa ya kemikali hiyo isiyodhuru, na mwaka wa 1922 metformini ikatengenezwa kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza jinsi ilivyowasaidia wagonjwa. Kwa hivyo shangazi aliacha dawa yenye asili ya mti, iliyopimwa na kujulikana kipimo chake, akanywa ya mti asiojua jina.

Yaliyompata shangazi si ya kwake peke yake. Wengi wenu mnakumbuka mwaka wa 2011, wakati maelfu kwa maelfu, Wakenya wakiwamo, walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, na watu waliamini kinaponya kisukari, saratani na hata Ukimwi. Misururu ya magari ilienda kilomita nyingi. Wapo waliofariki njiani kabla ya kukifikia kikombe. Wapo pia waliorudi wakidhani wamepona, wakaacha dawa zao. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2021, na maradhi hayo yangali nasi.

Nilimuuliza shangazi akiwa wadini, "Shangazi, mbona ulimwamini mtu usiyemjua?"

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, kule kliniki nilingoja kutoka alfajiri hadi saa saba. Daktari alitazama cheti, akaandika, akaita mwingine. Huyu alinitazama mimi. Aliniuliza kama nalala usiku. Aliniuliza habari za marehemu mjomba wako. Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo tangu tumzike."

Sikuwa na jibu, msomaji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi naye miezi mitatu bila ya kumuuliza kama analala.

Ndiyo maana nasema tusiwatukane wanaokwenda kwa waganga. Tukiwatukana, wataficha chupa chini ya kitanda. Badala yake, tuwafunze wazazi wetu, na watoto wetu pia, swali moja la kumuuliza yeyote anayetoa tiba, awe wa stejini, wa duka la mawe au wa mimbari: "Je, naweza kuendelea na dawa za daktari nikitumia hii yako?" Akijibu kwamba ni lazima uache, chukua mkoba wako utoke. Mjuzi wa kweli hataogopa daktari akipima sukari au shinikizo lako la damu kabla na baada.

Aidha, mwambie daktari kila unachokunywa, hata akinuna. Karela yaweza kushusha sukari, na ukiichanganya na tembe huenda ikashuka kupita kiasi. Vitunguu saumu kwa wingi huweza kuzidisha kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Mambo haya hayana uchawi, ni kemia tu. Ukiweza, ibebe chupa yenyewe uende nayo.

Na ukiwa na mgonjwa wa kisukari nyumbani, mvue soksi umtazame miguu kila siku. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

Shangazi amerudi nyumbani mashambani. Tembe zake hukaa kando ya Biblia, na kila jioni binti yangu humpigia simu kumuuliza mambo mawili: kama amezimeza, na kama alilala usiku uliopita. Jiwe la zambarau bado li shingoni mwa binti, nami sijamwambia alivue. Karata zi kabatini. Juzi shangazi aliuliza, kwa sauti ya chini, kama zile picha zina mchezo wowote wa halali. Binti akamweleza kwamba zilianza kama mchezo, na kwamba atamfunza akija Krismasi.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba huyaficha zaidi anapokosa mtu wa kumuuliza. Jumapili hii, kabla ya chai kupoa, hebu muulize mtu wa nyumbani mwako kama analala.