Wati Moja Kutoka Kiomboi

Tuseme mwalimu wa fizikia mjini Kiomboi, wilayani Iramba mkoani Singida, anataka kutundika waya kati ya mikaratusi miwili ya shule yake, arushe mawimbi ya kilohezi 475 usiku kucha. Hana habari ya kutangaza wala muziki wa kupiga. Anachotaka ni kujua mawimbi hayo yatafika wapi. Nchi imruhusu? Na ikimruhusu, imsaidie au imwache ahangaike mwenyewe? Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa: je, anga ya mawasiliano ni mali ya makampuni na serikali peke yao, au raia mwenye udadisi naye ana fungu lake?

Kisheria fungu hilo lipo. Linaitwa redio ya ridhaa, na leseni zake hapa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Alama za wito za Tanzania huanza na 5H, na mara nyingi zinazosikika duniani ni za wageni waliofika Zanzibar mapumzikoni, wakafunga antena ufukweni, wakaongea na Ulaya na Japani wiki moja kisha wakapanda ndege. Mtanzania wa Iramba kusikika kwa alama yake mwenyewe ni habari nyingine.

Wengi wetu tuliozoea idhaa za kimataifa tunakumbuka mita bendi 19, 25 na 31 za masafa mafupi. Majaribio ninayoyazungumzia yako upande wa pili kabisa. Mwaka 2007 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliwapa watu wa ridhaa kipande chembamba cha kilohezi 135.7 hadi 137.8, yaani mita bendi 2200. Mwaka 2012 kikaongezwa kingine, kilohezi 472 hadi 479, mita bendi 630. Nguvu inayotoka kwenye antena isizidi wati 1. Katika mita 630 nchi inaweza kuruhusu hadi wati 5 mahali palipo zaidi ya kilomita 800 kutoka mipaka ya nchi zilizoorodheshwa, Somalia ikiwemo. Ukipima kwenye ramani, Kiomboi inavuka kiwango hicho kwa kilomita chache tu.

Wati 1 inachekesha mpaka ujaribu kuipata. Antena iliyo sawasawa kwa mita 2200 ingepaswa kusimama wima mita 550. Mwalimu wetu ana mita 15 za mkaratusi. Waya mfupi namna hiyo una ukinzani wa mrusho wa takriban omu 0.07, wakati udongo na koili vinakula omu 50, 70, hata 100. Hesabu yake inauma: ukisukuma wati 100, zinazoruka hewani ni kama moja ya kumi ya wati, zilizobaki zinapasha ardhi joto. Katika mita 630 hali ni nafuu sana. Waya uleule unafikia karibu omu 0.9, na redio ya wati 20 au 30 inatosha kukaribia kikomo cha kisheria. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Kiomboi ni mmoja: aanze na 630, hiyo 2200 aiache kwanza.

Hapo ndipo mahali penyewe panapoingia kwenye hesabu. Singida ni nchi ya mawe, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Itabidi nyaya nyingi zitandazwe chini kuzunguka antena ili kuziba upungufu wa ardhi. Radi nayo ni adui. Bonde la Kongo na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mikwaruzo yake husafiri mbali sana katika masafa haya. Lakini Kiomboi ina jambo ambalo Dar es Salaam haina. Mji ni mdogo na viwanda ni vichache, kwa hiyo kelele za mashine na chaja za bei poa haziko nyingi. Tena mvua zake ni za msimu mmoja. Zikikatika mwezi wa tano, wingu la radi halionekani hadi Novemba. Hiyo ni miezi mitano ya usiku mkavu, ambayo mzoefu wa Ulaya aliyezungukwa na nyumba za jirani angeitamani.

Wala masafa marefu si mgeni katika ardhi hii. Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, enzi ambazo wimbi refu ndilo lililoaminiwa. Tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipofika mbele ya Dar es Salaam, kilichotafutwa kwanza kilikuwa mnara wa simu ya upepo. Watu wa ridhaa nao walisukumiwa kwenye mawimbi mafupi yaliyodhaniwa hayana faida, wakagundua kwamba ndiyo yanayovuka bahari. Sasa, karne moja baadaye, wanarudishiwa vipande vidogo vya kule walikofukuzwa.

Watetezi wa redio ya ridhaa wana hoja waipendayo: dharura. Watakutajia maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, jirani kabisa na Singida, au siku ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Kwa redio ya ridhaa kwa ujumla hoja hiyo ina uzito. Kwa masafa ya chini haina, na anayeitumia anajidanganya au anatudanganya. Mtindo unaotumika sana huko ni WSPR, uliotolewa mwaka 2008 na Joe Taylor wa Princeton, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993. Unatuma biti 50 tu kwa karibu dakika 2: alama ya wito, eneo, na nguvu iliyotumika. Kiomboi ingejitambulisha kwa herufi na tarakimu KI75, basi. Huwezi kuomba gari la wagonjwa kwa njia hiyo. Anayetaka redio ya maafa aombe mita 40 na 80, na redio za mkononi.

Faida ya kweli iko kwenye ufundi. Koili ya mita 630 husukwa juu ya ndoo ya plastiki: mizunguko kama 35 ya waya wa kawaida wa kufungia nyumba, zaidi ya mita 30. Mwanafunzi anaihesabu kwa fomula ya darasani, anaisuka, anapima, anakuta amekosea, anapunguza mzunguko mmoja. Asubuhi umande ukiloanisha majani, antena inahama masafa na kazi inaanza upya. Saketi ya simu ya mkononi huwezi kuifungua ukaona jambo hilo. Hapa kila kitu ni kikubwa kiasi cha kushikwa. Nasema kushikwa, lakini si wakati mtambo umewashwa. Hata kwa wati 100 waya huo hubeba volti elfu moja na zaidi, kwa hiyo uzio na mtu mzima anayewajibika viwe masharti ya kwanza kwenye leseni, kabla ya ada.

Upande wa wanaosita haupaswi kupuuzwa. Mashirika ya umeme duniani hupitisha ishara za ulinzi wa gridi juu ya nyaya za msongo mkubwa katika masafa hayahaya. Marekani ilibishana juu ya jambo hili miaka mingi, na mwaka 2017 ikaamua: mtu wa ridhaa atoe taarifa kwanza, na antena yake isiwe ndani ya kilomita 1 kutoka laini ya msongo mkubwa. Nasi tuna laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Kanuni kama ile ya Marekani, pamoja na barua kwa shirika letu la umeme, TANESCO, ingetosha. Wasiwasi wa usalama wa taifa nauona mwepesi zaidi. Mtu wa ridhaa hutumia alama iliyosajiliwa, haruhusiwi kuficha maana ya ujumbe wake, na hapa anatangaza mwenyewe mahali alipo kila baada ya dakika chache. Jasusi wa namna hiyo angekamatwa siku ya kwanza.

Ipo hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito kwangu: shule isiyo na maabara kamili ina haja gani na waya wa kusikilizia hewa tupu? Jibu langu ni la bei. Koili, nyaya na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ni vitu rahisi kuliko sehemu kubwa ya vifaa vya maabara, na fizikia inayofundishwa navyo ni ileile ya mtihani. Ila nakubali kwamba isipokuwepo kompyuta wala umeme wa uhakika, mjadala unaishia hapo.

TCRA inazo klabu za kidijitali inazozihimiza shuleni, na ina ofisi ya Kanda ya Kati Dodoma. Leseni ya klabu, ambayo mwalimu aliyefuzu anaishika kwa niaba ya wanafunzi, ingewezekana bila kungoja sheria mpya. Kanuni za kimataifa zinataka tu nchi ithibitishe ujuzi wa mwendeshaji, na Morse si lazima tena tangu 2003. Mtihani ufanyike Dodoma au Singida, si Dar es Salaam pekee. Mwaka wa kwanza klabu isikilize tu, kuanzia Juni, na iandike inachokisikia usiku baada ya usiku. Kumbukumbu hiyo ndiyo iamue kama mwaka wa pili wanastahili kupewa ile wati yao.